Neno la Kwanza la Shabani

Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, wenzake Editha walifungua magenge ya mboga, wengine wakauza mitumba stendi ya Msamvu. Yeye akaenda kusomea farasi. Mtaa mzima mbavu hawana! "Watu wanasomea kompyuta, shoga, wewe farasi? Utampanda uende naye wapi?"

Wacheke. Kule Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, palifunguliwa kituo cha kuwatibu watoto kwa farasi: mwenye mgongo legevu alipandishwa akajifunza kukaa wima, mwenye hofu akatulia. Editha alikuwa akijifunza kutembea ubavuni mwa farasi, mkono karibu na goti la mtoto. Mwalimu wake, Leonard, alikuwa na sharti moja alilolirudia mpaka likachosha: "Mtoto akisema na farasi, wewe hupo. Usimwitikie, usimsifu. Tembea tu."

"Ndiyo, mwalimu," Editha alijibu. Kusema ndiyo kuna kazi gani?

Shabani aliletwa na mama yake kutoka Turiani. Miaka saba, masikio mazima, hospitali wamesema koo halina shida, na tangu azaliwe hajatamka neno. Mama Shabani alipanga chumba mjini kwa ajili ya matibabu hayo tu. Kila siku alikaa mbali, kivulini kwenye banda, kama alivyoagizwa, akimwomba Mungu amjalie kusikia japo neno moja.

Asubuhi moja farasi akasimama kung'ata majani. Shabani akainama, akalaza shavu shingoni kwa yule mnyama, akasema, "Twende."

Jamani! Editha alilisikia wazi. Angenyamaza, angetembea, pengine lingefuata la pili. Lakini Editha amelelewa, na kwao mtoto hafungui mdomo mbele ya wakubwa bila kuwaamkia. "Mama Shabani, njoo! Anasema!" alipaza sauti. "Haya, Shabani, mwamkie mama. Sema shikamoo. Sema, baba!"

Mama akaja mbio, kanga inaburuta. Leonard alipunga mikono kumkataza kutoka mwisho wa uwanja, lakini wapi. Shabani aliwaona watu wazima wamemkodolea macho, akauficha uso kwenye manyoya ya farasi.

"Shikamoo," Editha alimsaidia. "Shi-ka-moo."

Hola.

Leonard hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Majuto ni mjukuu. Walimpandisha wiki baada ya wiki, masika yakaingia, uwanja ukawa matope, Editha akitembea kimya kama maji ya mtungi. Mtoto hakutamka tena. Kwa nini sikunyamaza? alijiuliza akipika, akifua, hata kanisani padri akihubiri. Aliichukia adabu yake mwenyewe.

Mwishowe Mama Shabani akaamua kurudi kwao shambani. Siku ya kuaga alimvuta Editha pembeni. Editha akajua leo ndiyo leo, lawama zimefika. "Nisamehe, dada yangu," alianza.

"Sijaja kwa hilo," Mama Shabani alimkatiza. "Mimi nilikuwa bandani, sikusikia kitu. Wewe ulikuwa naye. Sauti yake ikoje?"

Editha alishindwa kumtazama. "Nyembamba. Ina mkwaruzo kidogo."

"Hebu niigizie."

Editha alijaribu. Akajaribu tena, kwa sauti ya chini zaidi. Haikuwa yenyewe hata kidogo, na hakuwa na namna ya kuirekebisha. Mama Shabani alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akamshika mwanawe mkono wakaenda kupanda basi.