Jibu la Modeste kwa Swali la Nne

Sonia Munezero aliweka benchi mbele ya kanisa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akamimina chai ya rangi, akaanza kuwahoji watu mmoja mmoja. Alikulia kambini, sasa alikuwa akisoma sosholojia chuoni Mbarara, na utafiti wake ulihusu maadili: kwa nini jambo ambalo kila mtu analikataa akiwa peke yake hufanywa na watu hao hao wakiwa wengi.

Jumanne iliyopita umati ulimuua Modeste, mchuuzi wa mihogo, kwa majembe na mawe. Walisema ameiba sola ya jirani yake, Gakwaya. Kesho yake sola ilionekana mji wa jirani, Kaberebere, kwa shemeji yake Gakwaya, aliyekuwa ameiazima.

Swali la nne liliuliza kama ni vizuri kumpiga mtu anayeshukiwa wizi. Watu thelathini na mmoja walijibu hapana. Gakwaya, mmoja wao, alijibu hapana, akaomba sukari zaidi.

Saa sita mchana Modeste mwenyewe alifika kutoka kaburini. Fuvu lilikuwa limepasuka juu ya sikio la kushoto na taya limekwenda upande. Gakwaya akasogea kumpa nafasi. Sonia alimwandika wa thelathini na mbili, akangoja ashikilie taya kwa mkono ndipo aseme.

"Kama ni mwizi, bamupige."

"Lakini papa, weye haukuiba."

"Habakujua. Hata miye, mwaka jana, nilimupiga Bienfait na jiwe. Sikujua pia. Siku ile nilijisikia mutu muzuri sana."

Goretti, mkewe, alikuwa akifuta damu iliyodondoka kwenye benchi. Bienfait alikuwa mdogo wake wa mwisho. Kwa mwaka mzima Goretti aliuliza nyumba kwa nyumba nani alimuua, na Modeste alikuwa akimsindikiza.

"Na ukamubeba mupaka ku kaburi?" Goretti aliuliza.

"Tulimubeba bote benye tulimupiga."

Goretti alikamua kitambaa, akaenda nyumbani, akafunga mlango kwa ndani.

Chuoni Mbarara, mhadhiri wa Sonia alilikata jibu la thelathini na mbili kwa sababu marehemu si mkazi. Ripoti ikaandikwa kwamba wakazi wote wanapinga kuwapiga washukiwa.

Modeste anaishi kwa Gakwaya, kwa kuwa Goretti hakumfungulia. Ijumaa, kelele za mwizi ziliposikika upande wa soko, wote wawili walitoka mbio. Modeste alichelewa kidogo, maana alikuwa na mkono mmoja tu wa kuokotea mawe.