Jina Lenye Mwenyewe

Mtoto alikuwa na siku tisa, na siku zote hizo aliitwa "huyu". Huyu amelala, huyu ana njaa, huyu kanilowesha tena. Karani wa kliniki alikuwa amewapa fomu na kuwaambia waijaze kabla ya Jumatatu. Sasa ilikuwa Ijumaa, fomu imelala juu ya cherehani, na pale pa jina pamebaki patupu.

Si kwamba jina lilikosekana. Lilikuwapo, tena lilipatikana upesi mno, na hapo ndipo Mama Uzi alipoanza kunusa kitu.

Mama Uzi, kwa wasiomjua, ni fundi wa kudarizi. Makoti ya wauguzi, masweta ya shule, ovaroli za makanika: jina lolote mtaani linalokaa kifuani limepita chini ya sindano yake. Mumewe hutengeneza majokofu, na watu humwita Fundi Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake pia, maana hapandishi sauti hata akiangukiwa na kompresa mguuni. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza atakula nini huchukua robo saa kufikiri. Lakini siku mtoto alipozaliwa na akaulizwa jina, hakupepesa macho. Alilitaja palepale, kama mtu anayetoa ufunguo mfukoni.

"Umelitoa wapi?" Mama Uzi aliuliza.

"Nimelipenda tu."

Halikuwa jina la ukoo wake wala la ukoo wa mkewe. Halikuwa la jirani, halikuwa la mwalimu, halikuwa la mtu yeyote wanayemjua wote wawili. Siku ya tatu Mama Uzi alipouliza tena, akaambiwa ni jina la mteja mmoja wa zamani. Siku ya tano likawa limesomwa gazetini. Jamani, jina moja, asili tatu! Hata mwongo anayejifunza kazi huchagua uongo mmoja akakaa nao.

Mama yake mdogo, aliyekuja kumsaidia kulea, akamwagia moto mafuta. "Mwanangu, mwanamume haokoti jina njiani. Jina lina mtu. Mtafute huyo mtu." Mama mdogo alikuwa ameachika mara mbili, kwa hiyo katika mambo hayo alijihesabu mtaalamu.

Mama Uzi hakuhitaji kusukumwa sana. Kulikuwa na jambo lililomwasha kuliko uongo wa mumewe: jina lile hakuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Hakukumbuka wapi wala lini, lakini vidole vyake vililijua. Aliweza kuhisi herufi ya kwanza inapinda wapi.

Sasa, ana utaratibu wake. Kabla ya kugusa nguo ya mteja, hudarizi jina kwanza kwenye kipande cha kitambaa, mteja akalikagua herufi kwa herufi, wakikubaliana ndipo nguo inaingia kazini. Vipande hivyo havitupi. Huvitunga kwenye waya, mwaka kwa mwaka, na nyuma ya kila kimoja huandika kwa kalamu ni nguo gani na ni ya nani. Ijumaa hiyo, mume akiwa kazini na huyu amelala mgongoni kwa mama mdogo, aliziteremsha nyaya zote, akaketi sakafuni na mgongo wake unaouma, akaanza kupekua.

Alilikuta katikati ya waya wa mwaka juzi. Uzi wa samawati, herufi ndogo ndogo. Nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe: Kofia ya kitoto, nyeupe. Mwenye duka la dawa.

Mwenye duka la dawa! Damu ikamchemka. Mwanamke yule hana mume, hana mtoto, ana meno yaliyopangika, na hucheka hata na wanaonunua dawa ya minyoo. Duka lake linatazamana na karakana ya Fundi Baridi, na jokofu lake la dawa, kwa sababu linazozijua lenyewe, huharibika kila mwezi. Miaka yote Mama Uzi alikuwa akilionea huruma jokofu hilo. Kumbe wa kuhurumiwa alikuwa yeye.

Mwanamke asiye na mtoto alitaka kofia ya kitoto ya nini? Zawadi, alisema siku ile, ndiyo, sasa alikumbuka. Zawadi! Basi mtoto alikuwapo, amefichwa kwa bibi yake mahali, na jina lake ndilo hili, na sasa baba yake anataka kuliingiza nyumbani ili alitamke asubuhi na jioni bila mtu kumshuku. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara hii nguo yenyewe aliidarizi kwa mkono wake.

"Naandika jina ninalolitaka mimi kwenye ile fomu," alimwambia mama mdogo. "Halafu naondoka na mwanangu."

"Kamtazame kwanza huyo mwanamke machoni," mama mdogo akasema. "Usiondoke na tetesi. Mimi mara ya pili niliondoka na tetesi."

Mama Uzi alivuka barabara kwa kandambili, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Kipande akakibwaga juu ya kaunta ya kioo.

"Mwenzangu, hiki unakijua?"

Mwenye duka la dawa alikitazama, na kicheko chake kikamkauka usoni. Akatoka nyuma ya kaunta, akafunga mlango wa duka, saa tano ya asubuhi. Mama Uzi akajiambia moyoni, nimempata.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikuja kukaa. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye kofia."

Aliyekaa ni mwenye duka, tena kwa uzito. "Nilimwahidi mumeo sitasema."

"Ukikaa kimya napiga kelele mtaa ujae hapa."

"Kofia haikuwa yangu," yule mwanamke akasema. "Ni mumeo aliyenituma. Ulikuwa na mimba ya miezi sita. Alitaka mtoto wenu avae jina lake siku ya kwanza, na akasema hakuna mwingine anayedarizi kama wewe, ila ukijua hutashtuka. Kwa hiyo nikajifanya mteja. Tulicheka sana, dada. Ukaidarizi mwenyewe, ukanipa, nikampa. Hakujali awe wa kike au wa kiume, alisema jina linafaa kote."

Mama Uzi alishika ukingo wa kaunta. Mimba ya mwaka juzi ilifika miezi saba. Mtoto alikuwa wa kike, na alizaliwa hana uhai. Yeye mwenyewe alilala hospitali siku nne hajijui, na aliporudi nyumbani kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wakubwa walimwambia asilie sana, wa namna hiyo hawapewi jina. Tangu hapo yeye hakuuliza na mumewe hakusema.

Hakuaga. Alitoka, akaingia karakana ya mumewe. Fundi Baridi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu, tochi mdomoni.

"Kofia iko wapi?"

Aliitoa tochi mdomoni, akakiona kipande mkononi mwa mkewe. Akakaa chini palepale kwenye saruji.

"Anayo," akasema.

"Nani?"

"Mwanetu. Nilimzika nayo. Walinikatalia, nikamvalisha mwenyewe. Ilikuwa kubwa kwake. Ilimfika hapa." Akagusa nyusi zake.

Mama Uzi alikaa juu ya kreti. Miaka miwili lilikuwa likimla jambo moja ambalo hakumwambia mtu, kwamba yeye anayewavisha majina watu wa mtaa mzima, mwanawe wa kwanza aliingia ardhini bila uzi hata mmoja wa mkono wake. Alilia kwa sauti, mlango wazi, wapita njia wakiona, na hakujali.

"Kwa nini hukuniambia? Mteja wa zamani! Gazetini!"

"Siku uliporudi kutoka hospitali ulisema nisilizungumze tena. Nikatii. Nikabaki na jina mdomoni, sina wa kumwita. Alipozaliwa huyu nikasema, labda sasa nitapata wa kumwita." Alijipangusa uso kwa tambara lenye grisi, akazidi kujichafua. "Nilikosea kukudanganya."

"Na mimi nilikosea. Nilikuwa naondoka leo, ujue. Nilishakupa mtoto mwingine na mwanamke mwingine."

"Nani?"

"Usiulize. Siku nyingine tutacheka."

Kisha Fundi Baridi akasema polepole, kama kawaida yake, "Sasa umejua lilipotoka. Tuliandike?"

Mama Uzi alitamani kusema ndiyo. Alikuwa amemshuku siku tisa mtu aliyebeba peke yake kilio cha watu wawili, na ndiyo moja ilikuwa kitu kidogo mno cha kumlipa. Alikigeuzageuza kile kipande, akafikiria huyu aliyelala nyumbani, na yule.

"Hapana," akasema.

"Bado una hasira."

"Sina hasira. Lakini jina ni la dada yake, na hatutamvua. Huyu tutamtafutia lake, tunayo Jumamosi na Jumapili. Hilo ukitaka kuliita, liite. Liite nyumbani, tukiwa mezani, mbele yangu. Liite hata sasa."

Fundi Baridi alifungua mdomo, sauti ikakataa. Akakohoa. Mara ya pili ilitoka, tena kwa nguvu, jina zima, kama baba anayemwita binti aliyeko chumba cha pili.

"Abee," akaitika mama yake kwa niaba yake.