Yowe la Sahani ya Damiani

Damiani alihamia kijiji cha Ujamaa, huko Sepuka, akiwa na mke, mbuzi wachache na gramafoni. Mbuzi waliingia zizi la kijiji. Gramafoni hakuna aliyejua iingie wapi, basi akabaki nayo.

Sahani ya santuri ilikuwa moja tu. Aliipata Sekenke, enzi za machimbo ya dhahabu, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, msaidizi wa jikoni kwa mzungu mmoja aliyependa muziki wa kantri, zile nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani. Damiani hakuelewa neno hata moja. Lakini mwimbaji alipopandisha sauti na kuikatakata kooni, o-le-i-hii, alijiona tena amevaa kofia kubwa ya kuazima, anacheza peke yake nyuma ya jiko, kifua mbele, hana shamba la kulima wala mkutano wa kuhudhuria. Alitaka hilo tu, ujana kidogo kila jioni.

Jioni ya kwanza, o-le-i-hii ilipopanda, wanaume walitoka mbio na marungu. Pale kijijini, ukisikia yowe la mtu aliyepotelewa na ng'ombe, unakwenda. Usipokwenda unatozwa dume la ng'ombe. Walimkuta Damiani anacheza.

"Ng'ombe wa nani?" alifoka Mzee Alute, mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Si ng'ombe. Ni sahani."

"Marahaba. Na huyo ndani yake analia nini?"

Hapo ndipo alipojiponza. Badala ya kusema hajui, akajibu, "Ni mchunga ng'ombe wa Marekani."

Basi! Mkutano ukafanyika papo hapo. Mchungaji mwenzao anapiga yowe tangu enzi za mkoloni, na hakuna hata mmoja aliyekwenda! Wengine walifuta machozi. Kwa kuwa Marekani ni mbali na palizi imekaribia, wakakubaliana kumlipa dume jekundu la kijiji, litunzwe na Damiani mpaka mwenyewe aje.

"Na kwa kuwa ameshalipwa," akamalizia Mzee Alute, "asilie tena." Akachomoa mkono wa kuzungushia gramafoni, akautia mfukoni.

Damiani akachunga dume asilolitaka, akakonda. "Watu wanalilia ng'ombe, wewe umepewa unanuna," mkewe, Felista, alimwambia. Jioni moja uvumilivu ukamwishia. Alisimama machungani, akafumba macho, akaipandisha mwenyewe: o-le-i-hii! Sauti ikapasuka njiani. Haikuwa ile ya Sekenke.

Wakaja wote, marungu juu. Dume lilikuwa linakula majani.

"Kimepotea nini?" Mzee Alute aliuliza, akihema.

Damiani alitaka kudanganya, lakini machozi yalishatangulia. "Kijana mmoja, mzee. Wa miaka kumi na sita. Ana kofia kubwa. Mara ya mwisho alionekana Sekenke."

Wanaume wakatazamana. Lakini yowe ni yowe. Mzee Alute akakaza shuka kiunoni, akawagawa, hawa bondeni, wale vichakani. Wakatawanyika wakiita, "Damiani! Damianiii!"

Damiani alisita kidogo, kisha akaokota fimbo akawafuata, naye akiita.