Vifaru Vitatu na Mjamzito Mmoja

Saa nne kamili asubuhi, siku ya zoezi, hovakrafti ya jeshi, chombo kinachoelea juu ya hewa kwa feni kubwa, ilitoka baharini, ikapanda ufuko wa Agrolithi na kuvunja meza mbili za mgahawa wa Thanasi, kama mwaka jana. Thanasi alikuwa ameshatanguliza zile mbovu.

Kisiwa chetu kina padri, mbuzi, na bendera mpya kila mwaka. Mkunga yuko bara, na feri huja Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na Kaliroi, mke wa Thanasi, uchungu ulikuwa umeshamshika.

"Afande," Thanasi alimwambia kamanda, "humo mnabeba vifaru vitatu. Mke wangu ni mmoja tu."

"Hayumo kwenye orodha ya mizigo, ndugu."

"Basi mwandike kifaru!"

"Kifaru kina namba."

"Achana naye, Thanasi," alisema Kaliroi, mkono kiunoni. "Huyo hata kuzaliwa alisubiri kibali."

Padri Lefteris akaja na shada la mrehani na ndoo ya maji ya baraka, maana kwetu chombo chochote kikigusa ufuko lazima kinyunyiziwe. Angengoja feni zizimwe, lakini wapi! Alikuwa na nyama jikoni. Feni zikayarudisha maji yote, yakamlowesha Kaliroi peke yake. Kaliroi akainuka hewani shubiri moja juu ya mchanga, kama hovakrafti yenyewe, akabaki hapo.

"Angalau viatu havitachakaa," alisema mama mkwe wake.

Kaliroi akakusanya gauni, akashika njia juu ya maji. Thanasi alimfuata kwa mtumbwi, akaachwa mbali. Kamanda alipiga saluti. Kufika adhuhuri, hospitali ya bara ilikuwa imepokea mtoto wa kike, na nesi akaandika: mama amefika kwa miguu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya serikali, padri akaisoma kanisani. Kwa kuwa wakazi wa Agrolithi sasa wanavuka wenyewe, ombi la mkunga limekataliwa, na feri ya Alhamisi imesitishwa.

Despina, mke wa mwoka mikate, akahesabu kwa vidole. Zoezi lijalo, na feni zake, ni Mei ya mwakani. Yeye atajifungua Oktoba. Akaanza kulia, na hakujificha.

Kaliroi, bado akielea shubiri moja juu ya sakafu, alimsogelea, mtoto kifuani.

"Nyamaza, shoga. Nitakubeba."

"Mgongoni? Na tumbo hili?"

"Mgongoni. Mimi sina orodha ya mizigo."