Masomo ya Sajini Quiroga

Kila Jumanne saa kumi alasiri Sajini Quiroga alifika jikoni kwa Joxepa Lizarreta, akatundika kofia yake kwenye kiti, akafungua daftari. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameuandika kwa mwandiko safi: Utangulizi wa Lugha ya Kibaski.

Vita vya Hispania vilikwisha mwaka uliotangulia, na walioshinda walipiga Kibaski, lugha ya wenyeji, marufuku shuleni, kanisani na sokoni. Bixente, mume wa Joxepa, mchoma makaa wa mlimani, alifungwa kwa kumjibu askari kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Joxepa alikijua Kihispania kwa kuuza maziwa mjini. Mapatano yalikuwa mepesi: sajini akimaliza masomo, Bixente atarudi.

"Tuanze na mkate," alisema sajini.

"Ogi," alisema Joxepa.

"Ogi," akarudia sajini. Likamtoka kwa sauti ya Joxepa yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo aliorithi kwa mama yake. Joxepa alitaka kulisema tena, akakuta halimo. Ulimi ulikwenda pale lilipokuwa, kama unavyokwenda kwenye pengo la jino, ukarudi bure.

"Nyumba?"

"Etxe."

Hilo nalo likaenda.

Mikela, dada yake Bixente, alikuja kumkanya.

"Wifi, unamfundisha mbwamwitu kulia kama kondoo."

"Namtaka mume wangu."

"Na sisi wengine je?"

"Namtaka mume wangu, Mikela."

Matufaha yalipoiva, sajini alikuwa na maneno mia saba. Alianza kusimama nyuma ya milango ya watu na kuita kwa sauti ya Joxepa kwamba ng'ombe ametoroka, au mtoto ameanguka, njooni. Wanawake waliitika kwa Kibaski, kama mtu anavyomwitika jirani. Asubuhi yake walinyolewa vipara uwanjani. Kinyozi alilalamika tu kwamba wembe unakuwa butu.

Mikela alikuwa wa tisa. Alikuja kwa Joxepa amejifunga kitambaa.

"Nilijua ni yeye," alisema. "Sauti yako ilinuka tumbaku. Lakini nimezoea kuiitika, nikaitika."

Joxepa alitaka kumwomba radhi, ila neno hilo alilitoa Jumanne ya kumi na moja. Akaomba radhi kwa Kihispania.

"Hiyo mpelekee sajini wako kituoni," alisema Mikela, akatoka.

Somo la mwisho, sajini aliuliza Joxepa humwitaje mumewe wakiwa peke yao. Joxepa alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Kisha akalisema. Sajini alilirudia polepole, akafunga daftari, akamshukuru. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Bixente alirudi Jumamosi kwa miguu, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Aliketi akasema mengi. Joxepa aliyaelewa yote, akamjibu, na jibu likatoka kwa Kihispania. Bixente aliinua mkono akakinga uso, kama mtu aliyezoea kupigwa kwa lugha hiyo.

"Sema neno letu moja tu," alimwambia. "Hata matusi, nitayapokea."

Joxepa alifungua kinywa. Bixente akakinga uso tena.

Siku ya tatu alisikia mkewe akimwita kwa lile jina la faragha, kutoka upande wa kituo cha askari. Akaenda. Sajini alikuwa ameegemea ukuta akivuta sigara. Akamwita tena, na Bixente akaitika kwa Kibaski, kwa furaha, kwa sauti kubwa. Alipigwa makofi mawili, akapewa ufagio, akafagia ua mpaka jua likatua, na sajini alipopita na kusema neno hili au lile, Bixente alisimama akasikiliza. Alirudi shavu limevimba, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu atoke gerezani.

Kesho yake alitaka koti mapema. Vidole vilikuwa vikimsumbua, kwa hiyo Joxepa alisogea akaanza kumfunga vifungo.

"Fanya haraka, mama," alisema Bixente kwa adabu, akitazama mlangoni. "Mke wangu ananiita."

Joxepa alimfunga kifungo cha mwisho, akampisha.