Chumvi Aliyoitia Kindi

Siku Kindi alipokwenda kumsema shemeji yake kwa Bosi, hakuwa amepanga kusema uongo. Alikwenda na ukweli, na ukweli wenyewe ulitosha.

Kazi yao ilikuwa kukata miti. Si ya msituni, bali ile iliyoota kwenye nyua za watu, mashuleni na kando ya barabara, ikakua mpaka mahali ilipopandwa pakawa padogo. Mti wa namna hiyo huwezi kuuangusha kwa mkupuo mmoja, utalala juu ya paa la mtu. Unashushwa kipande kwa kipande. Mmoja anapanda amejifunga mkanda, anakata tawi lililofungwa kamba, na mwenzake wa chini anaiachia kamba polepole, tawi linashuka kama mtoto anayelazwa.

Walikuwa wanne. Bosi alikuwa mwanamke wa makamo aliyepanda mwenyewe kwa miaka mingi mpaka goti lilipomgomea. Shemeji ndiye aliyekuwa mpandaji, Kindi mshika kamba. Wa nne alikuwa Tingatinga, pande la mtu, kazi yake kuburuta matawi na kuyalisha mashine ya kusaga, ambayo kelele zake zilimfanya avae vizibo vikubwa vya masikio kutwa nzima. Ukitaka kumwambia kitu Tingatinga, unamwendea na kumgusa bega.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Kindi. Ndiye aliyemtoa Kindi kwenye vibarua vya leo upo kesho hupo, akamwingiza kazini, akamfundisha mafundo ya kamba jikoni kwake kwa kutumia mguu wa meza. Hata hilo jina la Kindi alimpa yeye, kwa jinsi alivyokuwa akiitazama miti kwa uchu. Watoto wa Kindi walimwita Mjomba, na akija nyumbani walimpekua mifuko kabla hata ya kumwamkia.

Shida ilianzia mkononi. Siku moja Shemeji akiwa juu ya msonobari, msumeno wa mota ulimponyoka. Ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wake, kwa hiyo haukufika chini, ulibaki ukining'inia na kuunguruma pembeni ya paja lake. Aliposhuka, Kindi alimkuta nyuma ya gari akijikanda vidole.

"Ganzi tu, shemeji," alisema. "Nimeulalia mkono."

"Na juzi uliulalia pia?"

Shemeji alitazama huku na huku. "Usimwambie Bosi. Akisikia, atanishusha. Mimi nikishushwa chini, shemeji, nitakuwa nani?"

Kindi akaahidi. Lakini hazikupita siku nyingi, akiwa ameshika kamba chini ya mkaratusi, akaona kitu kilichomkausha mate. Ile kulabu ya chuma inayomshikilia mpandaji ilikuwa wazi. Vidole vya Shemeji havikuhisi kwamba haikujifunga, naye alikuwa anajiegemeza nyuma aanze kukata.

"Shemeji! Kulabu!"

Shemeji aliganda. Akaikamata kulabu kwa mkono wa kushoto, akaifunga, akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu. Jioni hiyo Kindi alikigeuzageuza chakula kwenye sahani, mkewe akamuuliza kama anaumwa.

Sasa, mtu akimwogopea ndugu yake aliye juu ya mti, hilo ni jambo jema. Ila Kindi hakuwa na hofu peke yake. Alikuwa akijifunza kupanda tangu zamani, na kila alipoomba apewe mti wake, Shemeji alimjibu, "Bado, Kindi. Tulia." Na sasa kulikuwa na kazi kubwa inakuja, miti yote ya kuzunguka hospitali, na mpandaji wa kazi ile angejulikana mji mzima. Hofu na tamaa zilitembea njia moja moyoni mwake, zimeshikana mikono, hata mwenyewe hakujua ipi inamwongoza mwenzake.

Alimkuta Bosi ofisini, yaani kile chumba cha kuwekea vifaa, akinoa mnyororo wa msumeno kwa tupa, jino baada ya jino. Kamba zilining'inia ukutani zimekunjwa vizuri, na chumba kizima kilinuka mafuta ya mashine na utomvu.

Kindi alimweleza yote, msumeno, ganzi, kulabu. Bosi alisikiliza bila kuinua macho.

"Mkono wa nani haufi ganzi kwenye kazi hii?" alisema mwishowe. "Wangu mpaka leo nikifua nguo unaniuma. Umefanya vizuri kuniambia. Nitampumzisha kidogo, kisha nitamtazama mwenyewe."

Kidogo. Kindi aliona mti wake unapeperuka. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Na asubuhi nyingine, Bosi... ananuka."

"Ananuka nini?"

"Pombe."

Tupa ikasimama. "Una uhakika?"

"Mimi ndiye ninayemfunga kamba. Tunakuwa karibu."

Hapo ndipo alipotia chumvi, na chumvi ikiingia mchuzini huwezi kuiokota tena.

Kesho yake, kabla vifaa havijashushwa garini, Bosi alimwita Shemeji pembeni. Walizungumza kwa muda. Shemeji aliporudi, uso wake ulikuwa kama jivu. Alimwendea Kindi, akamvalisha mkanda yeye mwenyewe, akavuta kila kifungo kukijaribu, akaikagua kulabu mara mbili.

"Leo unapanda wewe," alisema. "Usikimbilie. Mti hauna safari."

Kindi alipanda. Miaka yote aliyoitamani siku ile, alidhani ataimba huko juu. Alitazama chini akaona utosi wa kofia ngumu ya Shemeji na mikono miwili imeshika kamba yake, na furaha haikuja. Aliingoja asubuhi nzima.

Mwisho wa wiki Shemeji alikuja nyumbani. Watoto walimpekua mifuko kama kawaida, akawaacha bila kucheka. Walipotoka kwenda kucheza, akamwambia dada yake.

"Nimeambiwa nanuka pombe kazini."

"Wewe?" Mke wa Kindi aliweka chini sufuria aliyoishika. "Wewe ambaye hata dawa ya kikohozi unainusa kwanza? Nani kasema?"

"Bosi hataki kumtaja. Lakini najua. Ni Tingatinga. Mwezi uliopita nilimfokea mbele ya mteja, akanuna. Sasa amelipa."

"Mungu anamwona!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe upo pale kila siku. Huwezi kumwambia Bosi kwamba kaka yangu anasingiziwa?"

Kindi aliikazia macho chai yake kana kwamba kuna mdudu kaingia. "Nitazungumza naye," alisema.

Hakuzungumza. Kila asubuhi alijiambia leo, na kila asubuhi kulikuwa na mti. Na kule chini ya miti mambo yaliharibika. Shemeji hakumsalimia tena Tingatinga. Tingatinga alisalimia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha naye akanyamaza. Wakati wa chakula mmoja alikaa kivulini upande huu wa gari na mwingine upande ule, na Kindi akakosa pa kukaa, akala amesimama. Alimtazama Tingatinga anatafuna peke yake, yale mabega makubwa yameinama, akageuzia uso upande wa mashine.

Sheria yao ilikuwa moja, na Bosi aliirudia mpaka waliisikia usingizini. Mpandaji hakati tawi mpaka aulize, "Chini?" na mshika kamba ajibu, "Kweupe!", yaani chini hakuna mtu. Na mshika kamba hajibu mpaka amemgusa Tingatinga bega na kumwonyesha pa kusimama.

Ilikuwa kwenye ua wa nyumba moja ya matofali, mkaratusi mrefu umeinamia bati. Kindi alikuwa juu, tawi nene limefungwa kamba, msumeno unanguruma.

"Chini?"

Shemeji alitupa jicho. Tingatinga alikuwa kwenye mashine, amewapa mgongo, mbali. Kumgusa bega kungemaanisha kumwendea, na kumwendea kungemaanisha kutazamana. Hakwenda.

"Kweupe!"

Kindi akakata. Tawi lilipoachana na mti, Tingatinga aligeuka, akaliona rundo la matawi chini ya mkaratusi, akalifuata. Hakusikia chochote. Kindi alipiga kelele kutoka juu mpaka sauti ikakatika. Shemeji aliikaza kamba kwa nguvu zake zote, lakini mkono wa kulia haukukaza kama zamani. Tawi lilipungua mwendo, likayumba na kumbamiza Tingatinga begani, akaenda chini kama gunia.

Alivunjika mtulinga. Daktari alisema ana bahati. Kichwa kingekuwa habari nyingine. Walikaa wote wanne kwenye korido ya hospitali, Tingatinga mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, na Bosi akauliza kwa sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko ya kufoka.

"Nani aliita kweupe?"

"Mimi," alisema Shemeji. "Sikumgusa bega. Kosa ni langu."

"Kwa nini hukumgusa?"

"Hatuzungumzi."

"Hamzungumzi kwa nini?"

"Yeye anajua."

"Sijui!" Tingatinga alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Naapa sijui. Huyu bwana ananipita kama nguzo ya umeme. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nimemkosea nini?"

"Ulimwambia Bosi nanuka pombe."

Tingatinga alifungua mdomo, akamtazama Bosi, na Bosi akatazama sakafu. Muuguzi alipita na kitoroli, magurudumu yakilia. Kindi alijua kwamba kitoroli kikishapita lazima mtu aseme kitu, na kwamba akisema mwingine yeyote, yeye hatasema tena maisha yake yote.

"Ni mimi niliyesema," alisema. "Si yeye."

Akaendelea. "Nilikwenda kumwambia Bosi habari za mkono. Ile ya mkono ni kweli. Ya pombe niliongeza mimi. Haukuwa ukweli hata punje."

"Uliongeza," Bosi alirudia.

"Nilitaka kupanda."

Tingatinga alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kwa hiyo mimi nimevunjwa mfupa kwa ajili ya neno ambalo sikulisema, halikunihusu, na wala halikuwa kweli. Haya bwana. Kuna watu wana nyota."

Shemeji hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alimtazama Kindi kwa muda mrefu, mtazamo wa mtu anayekagua kamba aliyoiamini na kuona imekatika ndani kwa ndani.

"Ya mkono nilijua utaisema," alisema. "Siku ile ya kulabu niliuona uso wako nikajua huyu hatanyamaza. Nikakusamehe kabla hujasema, maana ningekuwa wewe ningesema. Lakini pombe, Kindi. Uliitoa wapi?"

Kindi aliinuka, akatoka.

Bosi alimfuata nje ya lango la hospitali. Alimwambia kwamba ya mkono ingetosha. Alishaanza kumtilia Shemeji shaka yeye mwenyewe, na angemshusha tu, taratibu, kwa heshima yake. "Ungepata mti wako hata hivyo," alisema. Kindi alitamani asingeambiwa hilo. Kisha Bosi akamwambia hatapanda tena mpaka yeye aseme, na kuanzia kesho ataburuta matawi na kulisha mashine badala ya Tingatinga, na kila mwisho wa wiki atakwenda kwa Tingatinga kumkatia kuni na kumtekea maji, kwa kuwa mtu wa mkono mmoja hawezi.

Kindi mwenyewe alimwambia mkewe jioni hiyohiyo, kabla mke hajasikia kwa kaka yake. Mke alikuwa akikunja nguo za watoto. Aliendelea kukunja mpaka rundo likaisha, kisha akasema, "Na nilikutuma wewe ukamtetee," akabeba nguo akatoka. Siku nyingi zilizofuata alizungumza naye kuhusu chumvi, sabuni na ada ya shule, basi.

Kindi aliburuta matawi. Alikwenda kwa Tingatinga kila mwisho wa wiki, na Tingatinga, ambaye hakuzaliwa na kinyongo, alimkalisha kwenye kigoda na kumkosoa namna anavyopasua kuni. Huko alipumua kidogo. Lakini Shemeji alibadili saa zake za kuja kuwaona watoto, akawa anakuja wakati Kindi hayupo. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiganja. Akapasuliwa, akawa na bendeji nene na miezi ya kungoja. Bosi alileta mpandaji mwingine kutoka mbali.

Siku moja kazi iliisha mapema kwa sababu ya mvua. Kindi aliingia nyumbani akamkuta Shemeji amekaa sebuleni, mtoto mdogo amelala pajani kwake. Shemeji alitaka kuinuka.

"Kaa, kaka," alisema mke wa Kindi. "Utamwamsha mtoto."

Akakaa. Kindi alivua viatu vyenye unga wa mbao, akakaa kiti cha mbali karibu na mlango. Mvua ilipiga bati. Kindi alitamani iendelee ili kusiwe na haja ya kusema.

"Kesho mnakata wapi?" Shemeji aliuliza, macho yapo kwa mtoto.

"Ule mkuyu wa shuleni."

"Una uozo ule."

"Nimeuona."

"Upande gani?"

"Wa barabarani. Chini ya panda ya kwanza ya matawi."

"Mwambie mpandaji asifunge kamba pale. Afunge upande wa madarasa, hata kama ni mbali."

"Nitamwambia."

Shemeji alitikisa kichwa kukubali, akamvuta mtoto vizuri kifuani. Mvua ilipokatika akamuaga dada yake tu, akaenda.