Kielelezo Kinachojaa na Kupwa

Wananchi wote wanatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba haki imetendeka kisiwani Mafia, mahakamani, saa nne asubuhi, mbele ya watu waliovaa viatu. Aliyetendewa haki hiyo anaitwa Mkadam, mvuvi wa Utende, na sasa yuko gerezani.

Dada yake, Mwatima, ndiye aliyekuwa na ushahidi. Siku ya tukio maji yalikuwa yamejaa, naye alisimama pwani akimrekodi kaka yake kwa simu ili amcheke, maana tanga lake jipya lilishonwa kwa viroba vya sembe. Katika video anasikika: "Karibu, bwana Sembe! Unga umepanda bei?" Kisha boti ya hoteli inatokea, inapita juu ya ngalawa kana kwamba ngalawa haipo, na kicheko kinakatika. Mkadam alivunjika mguu. Hoteli ikaripoti kwamba yeye ndiye aliyeigonga boti, tena ndani ya eneo lililofungwa la hifadhi, naye akafunguliwa mashtaka. Video ilionyesha boya la mpaka likiwa mbali kabisa.

Mwatima akaipeleka simu Kilindoni, dukani kwa Nida, fundi wa kompyuta, binti wa mzee Sultanali. Nida alifanya kila kitu kama sheria inavyotaka. Akanakili video kwenye flashi, akaipima kwa programu inayotoa namba ndefu ya utambuzi, ambayo hubadilika faili likiguswa hata chembe. Akaitia flashi ndani ya bahasha, akaandika namba juu yake, akaiziba kwa lakiri, wote wawili wakasaini juu ya mkunjo.

"Sasa hata jini haingii, da Mwatima."

"Alhamdulillahi. Majini ya hoteli yana mawakili."

Kosa lao lilikuwa moja. Mwatima hukamata pweza miambani maji yakipwa, kwa hiyo nafasi ya kwenda mjini huipata yakijaa. Walipima maji yamejaa. Na video ya bahari hujaa na kupwa pamoja na bahari yenyewe. Kila mtu Utende analijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyelisema.

Kesi iliitwa maji yamepwa. Karani akavunja lakiri, fundi wa serikali akapima, namba ikatoka nyingine. Faili lilikuwa limepungua uzito. Lilipochezwa, boti ya hoteli ilikuwa imekaa mchangani kwa adabu, na Mkadam kando yake, kwa miguu yake yote miwili, akikwangua ngalawa.

"Kielelezo kimechezewa, Mheshimiwa," mwendesha mashtaka akasema.

Mwatima akasimama. "Hakijachezewa, kimepwa. Tungojeni alasiri, baba, yatajaa."

Hakimu hakushangaa. Alizaliwa Kanga, kijiji cha humuhumu kisiwani, na mama yake alimsomesha kwa pweza.

"Najua yatajaa, mama. Lakini mahakama haifuati maji. Namba hailingani."

"Unajua, na bado unamfunga?"

"Namba hailingani," akasema, akaendelea kuandika.

Alasiri, Mkadam akipandishwa karandinga na magongo yake, bahari ilijaa ndani ya flashi. Namba ikawa ileile ya Nida, tarakimu kwa tarakimu. Fundi wa serikali alithibitisha, akasaini. Hukumu ilikuwa imekwisha pigwa muhuri.

Tangu hapo chumba cha vielelezo hufurika kila maji yakijaa. Karani ameweka beseni chini ya kabati. Hutoka samaki, changu na tasi, na wakati wa bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, alitoka kolekole mzima. Watumishi hugawana. Hakimu hupelekewa kichwa, maana anapenda mchuzi. Juzi kilitoka kipande cha kiroba cha sembe chenye mshono wa tanga. Karani alikianika, sasa anadekia nacho sakafu.

Mwatima alisomewa habari hii na msimulizi wake mpaka hapo, huku akimtwanga pweza wake juu ya jiwe.

"Rudia pale mwanzo. Nani katendewa haki?"

Msimulizi akajieleza kwamba yale ni mapambo, kwamba shule ya bweni walifundishwa kuanza habari kwa kishindo.

"Nimekuuliza nani."

Hakuna. Msimulizi anakiri. Yale maneno "haki imetendeka" aliyanakili kutoka kwenye hukumu kama yalivyo. Alichoongeza yeye ni viatu tu.